Mama Picha na mbea anayejua kila faili lilipo

Saa tatu asubuhi, kabla hajawasha taa za kupigia picha, Mama Picha anainama chini ya meza na kuchomoa waya wa intaneti. Anauzungusha mkononi, anautia kwenye droo, anafunga droo kwa ufunguo, na ufunguo anauweka mfukoni. Ndipo anaketi, anavuta kibodi, na kufungua kidirisha cheupe kisicho na pambo lolote. Juu kina kisanduku cha kuandikia, na chini yake orodha ndefu ya majina ya mafaili.

"Sasa tunaweza kuongea naye," anasema.

Anayesemwa ni programu ya kutafutia vitu kwenye kompyuta ya mezani. Ina jina lake la kigeni, lakini humu studio inaitwa Mbea, kwa sababu, kwa maelezo ya mwenye studio, inajua kila kitu kilipo na haisubiri umalize kuuliza. Ukiandika herufi moja, orodha inapungua. Ukiongeza ya pili, inapungua tena. Kabla neno halijafika mwisho, unachokitafuta kiko mbele ya macho yako, pamoja na vingine ambavyo hukuviuliza.

Hivyo vingine ndivyo vinavyomnyima Mama Picha raha.

Studio yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya saluni na duka la magodoro la mumewe. Pazia la bluu la kupigia picha za paspoti limepauka upande mmoja, ule unaopigwa na jua la mlangoni. Kitana cha wateja kimefungwa kwa kamba, kalamu imefungwa kwa mnyororo, na feni ina kufuli. Mwandishi wa makala haya alipojitambulisha aliombwa kitambulisho. Alipokitoa, kikapigwa picha mbele na nyuma.

"Mimi siamini watu," anasema bila kuona haya. "Na watu hawaniamini mimi. Kwa hiyo tunaelewana."

Kazi hii ameifanya zaidi ya miaka ishirini. Alianza kwa kufuta vumbi kwenye fremu za studio ya mtu mwingine, akaiba ujuzi kwa macho, akanunua kamera iliyotumika. Simu za mkononi zilipokuja zikamlia nusu ya wateja. Siku hizi paspoti nne hazirudishi hata bei ya wino, na kinachomweka mjini ni mahafali, harusi, na watu wanaorudi kutafuta picha zao za zamani.

Hao wa mwisho ndio wagumu. Mara nyingi wanakuja kwa sababu mtu amefariki na familia haina picha yake nyingine nzuri.

"Wanakuja na haraka yao na macho mekundu," anasema. "Ukiwaambia rudini kesho, wanakuona huna utu. Na ile ya kutafutia iliyokuja na kompyuta, ukiibonyeza unaweza kwenda kuosha vyombo, ukaanika na nguo, ukirudi bado inahangaika. Halafu inakwambia hakuna kitu. Kumbe kipo."

Lakini lawama zote haziwezi kuangukia kompyuta. Mama Picha ana mtindo wake wa kazi ambao hajafundishwa na mtu: hahifadhi picha kwa majina ya wateja. Anasema majina yanamtoka kichwani, visa havimtoki. Kwa hiyo kila mteja huandikwa kwa kisa chake cha siku hiyo. Humo ndani mna Bwana Harusi Muoga, Mapacha Wasiofanana, Mzee wa Koti la Kuazima na Bibi Harusi Kanuna. Kwa miaka yote hiyo hakuna mteja aliyejua, maana mteja alikuwa akiona picha tu, haoni jina lililoandikwa juu yake.

Mtindo huo ulimgharimu dada yake.

Dada mkubwa wa Mama Picha ni mshonaji, mitaa michache kutoka hapa. Alipoolewa, alikodi mpiga video wa nje mwenye kamera mbili na wasaidizi, na mdogo wake akaambiwa ashike ile kamera yake ndogo, akae nyuma, kwa tahadhari tu. Baba yao alisimama siku hiyo akazungumza na wanawe. Mpiga video wa nje alipoleta kazi, ilikuwa inameremeta, isipokuwa alikuwa amefunika hotuba yote ya baba kwa muziki. Midomo ya mzee inacheza, sauti haipo.

Sauti ilibaki kwenye kamera ndogo ya nyuma. Wakati huo hakuna aliyehangaika nayo, kwani mzee mwenyewe alikuwa hai na akiongea kila siku.

Alipofariki, miaka sita iliyopita, dada alikuja studio akaomba video ile. Mama Picha akatafuta. Akaandika "harusi ya dada", akaandika jina la dada, akaandika jina la baba. Kompyuta ikahangaika na kujibu kwamba hakuna. Akafungua folda moja baada ya nyingine hadi macho yakamuuma.

"Dada alisimama hapo mlangoni," anasema, akielekeza kidole. "Akaniambia, 'Umeifuta. Ulitaka nafasi ya kuweka harusi za watu wanaokulipa.' Nikamwambia, 'Dada, siwezi.' Akasema, 'Basi ionyeshe.' Sikuwa na cha kuonyesha. Akaondoka, na humu hakukanyaga tena."

Tangu hapo wakikutana kwenye misiba na shughuli za familia walisalimiana kama watu waliowahi kupanga nyumba moja. Mama Picha naye alikuwa na mtu wake wa kumshuku. Ni fundi kompyuta wa mtaa wa pili, ambaye aliwahi kumbadilishia diski iliyoharibika na kuhamisha kila kilichokuwamo. Hakumwambia kitu. Ila kuanzia siku ile fundi akija kutengeneza printa, mwenye studio husimama nyuma yake mpaka amalize.

"Alinisimamia kama askari wa benki," anasema fundi huyo, mwanaume mpole mwenye bisibisi sikioni. "Nikadhani labda ananipenda. Kumbe ananihesabu mwizi."

Ni fundi huyohuyo aliyemletea Mbea. Alikuwa amemkuta siku moja akitafuta picha ya marehemu huku wafiwa wamejaa saluni ya jirani wakisubiri. Akamwambia ipo programu ya bure, ndogo, inayotafuta kwa kasi.

Neno "bure" ndilo lililoharibu.

"Nilimuuliza, nani anaifanya hiyo kazi bure? Anakula nini?" anasimulia Mama Picha. "Akasema kuna watu wanapenda tu. Nikamwambia, watu wa namna hiyo mimi sijakutana nao."

Fundi alijaribu kumweleza inavyofanya kazi. Ile ya zamani, ukiiuliza kitu, inaanza upya kugonga kila mlango. Hii inapita mara moja mwanzoni, inasoma majina yote yaliyoandikwa nje ya milango, inayaweka kichwani. Haifungui mlango wowote, inasoma vibao tu.

"Na nani kaiambia isome vibao vyangu?" aliuliza Mama Picha.

Ilichukua wiki kadhaa kukubaliana. Kwanza waya wa intaneti uchomolewe, ili ikiwa ina mwenyewe huko nje isiweze kumpelekea habari. Pili, iruhusiwe kusoma diski ya mahafali peke yake, sio ya harusi. Na tatu ulikuwa mtihani. Fundi aliambiwa ageukie ukuta. Mama Picha akatengeneza faili tupu, akalipa jina, akalizika ndani ya folda iliyo ndani ya folda nyingine, chini kabisa. Kisha akamruhusu fundi ageuke, akaanza kuandika kwenye kisanduku.

Hakufika mbali. Kwenye kioo, peke yake, likatokea: Fundi Mwizi.

Wote wawili walilisoma. Feni iliendelea kuzunguka.

"Fundi akaniambia, 'Mama, inafanya kazi,'" anasema Mama Picha, na hapa kwa mara ya kwanza anacheka. "Nilitaka ardhi inimeze. Ila nikasema moyoni, huyu mbea ni mkali kweli."

Diski ya harusi nayo ikafunguliwa. Shida nyingine zikaanza.

Kwa kawaida mteja hukaa kwenye kigoda kando ya kompyuta ili achague picha yake kwa kidole mwenyewe, mradi asije kulalamika baadaye. Siku moja mwalimu mstaafu alifuata picha aliyopigwa zamani. Mama Picha akamwamkia, akamkaribisha kigodani, akaandika "mwalimu". Papo hapo wakashuka walimu wote wa miaka ishirini: Mwalimu Kafumba Macho, Mwalimu Meno, Mwalimu Hataki Kutabasamu, Mwalimu Anapumua kwa Nguvu.

Mzee akavaa miwani, akasoma orodha taratibu hadi mwisho.

"Binti," akauliza, "mimi ni yupi hapo?"

"Wewe ni huyo wa kufumba macho, mwalimu."

"Na huyu wa meno ni nani?"

"Mambo ya mteja mwingine siwezi kusema."

Mzee alichukua picha yake akaenda. Hakuenda nyumbani moja kwa moja, maana hadi jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Siku zilizofuata watu walianza kuingia studio bila kutaka picha. Mwenye saluni alikaa kigodani akataka atafutwe yeye. Mume wa Mama Picha naye aliacha magodoro akaja kujiangalia, akakuta ameandikwa "Mume Wangu", basi. Akalikodolea macho.

"Mbona langu zuri hivi?" akauliza. "Umelibadilisha lini?"

Hadi leo, anakiri mwenyewe, hajaridhika na jibu alilopewa.

Katikati ya vurugu hizo Mama Picha alikuwa na lake moyoni. Siku ya kwanza Mbea aliporuhusiwa diski ya harusi, aliandika "harusi ya dada". Wakaja dada wa watu wengine. Aliandika "baba", orodha ikashuka kama mvua. Akaona basi, video imepotea kweli, na dada alikuwa na haki ya kununa, ingawa mkosaji, kwa hesabu zake, alikuwa fundi.

"Nilikuwa nimejiaminisha kwamba niliiandika 'Harusi ya Dada'," anasema. "Ningeapa. Ni dada yangu, ningemwandikaje vingine?"

Fundi, ambaye bado alikuwa anasimamiwa, alimwambia asitafute kwa jina. Aitishe video tu, zipangwe kwa tarehe, ashuke hadi mwezi wa harusi ile. Ikawa hivyo. Majina yakapita: Bwana Harusi Muoga, Keki Imeanguka. Kati ya Keki Imeanguka na Bibi Harusi Kanuna palikuwa na faili moja lililoandikwa neno moja.

Asiyeniamini.

Pembeni, Mbea aliandika lilikolala: ndani ya folda ambayo fundi aliiita "Vya zamani, usifute" siku ile alipobadilisha diski. Mama Picha hakuwahi kuifungua. Alidhani ni takataka za fundi.

"Niliona lile neno nikajua ni yeye, na nikajua ni mimi niliyeliandika," anasema. Sauti yake inashuka. "Nilirudi kutoka harusini na uchungu. Dada yangu wa tumbo moja alikodi mgeni, mimi akaniweka nyuma. Nikahifadhi video kwa hasira, na hasira ikaisha, nikasahau. Miaka sita namshuku fundi. Aliyeificha ni mimi."

Fundi alimwangalia usoni, akaangalia lile neno, akauliza kwa upole kama huyo ni yeye. Akajibiwa hapana, na akaombwa radhi. Anasema alipokea, ila aliomba pia lile faili la Fundi Mwizi lifutwe akiwa anaona.

Mama Picha alimpigia dada yake simu. Jibu lilikuwa fupi: "Nakuja. Usiifungue kabla sijafika." Alimaanisha asije akatengenezewa kitu. Mama Picha alitii, kwa hiyo hata yeye hakujua kama kwenye faili hilo sauti ya baba ipo, au kuna kelele za maturubai tu.

Lakini jina alilijua, na dada angekaa kigodani na kuliona. Fundi alikuwa amemwonyesha kitufe kinachobadilisha jina kwa dakika moja, tarehe ya video ikibaki ileile. Mumewe alimshauri abadilishe haraka aache ujinga. Aliweka kidole juu ya kitufe, akakitoa, akakiweka tena.

"Nilijua atanusa," anasema. "Dada yangu mimi namjua. Na nilichoka kuficha vitu ambavyo hata mimi mwenyewe sikumbuki nilipoviweka."

Kilichotokea baadaye mwandishi alikisikia kwa mdogo, na kwa kuwa kutoamini ni sehemu ya kazi ya uandishi pia, akaenda kukiuliza kwa mkubwa, kwenye cherehani yake. Maelezo yanalingana, isipokuwa kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeanza kulia.

Dada aliingia na flashi yake mpya, bado iko kwenye pakiti. Alikaa kigodani, mkoba mapajani. Akasema, "Andika." Mdogo akaandika, na kabla neno halijakamilika faili likasimama peke yake kwenye kioo.

"Huyu ni mimi?" dada akauliza.

"Ni wewe, dada."

"Siku ileile ya harusi?"

"Siku ileile."

Dada aliuweka mkoba mezani. Kisha akasema, "Fungua."

Kwanza lilitokea turubai na viti. Kisha baba, amesimama na kipaza sauti, anakigonga kwa ukucha. Anatazama moja kwa moja kwenye kamera.

"Hiyo inashika kweli hiyo?" anauliza.

"Inashika, baba," inajibu sauti ya binti kutoka nyuma ya kamera.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, baba."

Mzee akazungumza na bibi harusi, polepole, kila neno linasikika. Akamwambia ale vizuri, asimfiche mumewe anapoumwa, na mlango wa nyumbani haujafungwa. Kisha akageukia tena kamera.

"Na wewe uliye nyuma ya hiyo mashine. Tangu asubuhi sijakuona. Iweke chini uje hapa."

Picha ikayumba. Kamera ikawekwa mezani, imeinama, sahani ikiziba kona moja. Mama Picha wa miaka hiyo akaingia kwenye picha akikimbia, na baba akawashika mabega wote wawili. Juu, vichwa vimekatwa kidogo.

"Mkigombana," akawaambia, "gombaneni mkiwa mmekaa karibu."

Hapo video ikakatika.

Hakuna kati yao aliyekumbuka maneno hayo. Mdogo alikuwa na hasira zake siku ile, mkubwa alikuwa na shela na jasho. Walikaa wakitazama kioo cheusi, magoti yao yakigusana kwa sababu kigoda kiko karibu sana na meza.

"Inaishia hapo tu?" dada akauliza mwishowe.

"Betri iliisha."

"Una uhakika?"

Na wote wawili wakamsikia baba yao. Hapo ndipo mmoja alipoanza kulia, na kuhusu ni yupi gazeti hili halitaingilia.

Mama Picha alipotaka kubadilisha jina la faili, dada alimshika mkono. "Liache," alisema. "Ni kweli sikukuamini." Kisha akaomba video iwekwe kwenye flashi yake na kwenye nyingine ya pili, maana flashi moja haiamini.

Siku ya mahojiano haya, waya wa intaneti bado uko ndani ya droo. Mama Picha anasema Mbea amemsaidia, lakini msaada sio sababu ya kulegea. Majina ya wateja ameanza kuyabadilisha moja moja, ingawa mengine, anasema, yamewakaa vizuri mno. Mwandishi alipopigwa picha na kuuliza itahifadhiwa kwa jina gani, kioo kiligeuzwa upande wa ukutani.

Mpango wake wa sasa ni mdogo. Mlangoni, mahali pa kuvutia wateja, amekuwa akitundika picha ya bibi harusi mmoja mzuri ambaye hata hamjui. Anataka kuishusha. Amechukua kipande cha ile video, baba katikati, mabinti kando, vichwa vimekatwa kidogo na kona ya sahani imo, na fundi anamtafutia printa kubwa ya kukichapa. Jumamosi anakitundika.

"Hakijakaa sawa, najua. Mteja wa picha za harusi akikiona atasema huyu hajui kazi," anasema. "Akae nje aseme."

Dada yake ameahidi kuja siku hiyo kuangalia kama kweli kimetundikwa.

"Hata hilo haniamini," anasema Mama Picha, na anakivuta kigoda karibu zaidi na meza.